Sampuli Iliyomwagwa

Kazini walimwita Mama Hujala, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila asubuhi saa moja kamili alimtazama mtu aliyeketi mbele yake na kumuuliza, "Hujala?" Mtu akijibu kwamba hajala, alimfunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa mshipa, halafu kabla hajachoma aliuliza tena kwa sauti ya chini, "Hujala kweli?" Hapo ndipo ukweli ulipotoka. Kumbe ni chai tu. Kumbe ni chai na mkate, lakini mkate wenyewe kipande. Mama Hujala aliufungua mpira, akamwambia mtu arudi kesho, na mtu akaondoka amenuna.

Alikuwa mchukua damu wa maabara, katika jengo la ghorofa moja lenye korido ndefu inayonuka dawa ya kuua wadudu. Mradi wao ulikuwa wa miaka kumi. Watu elfu mbili na ushei, wazima, walikubali kuja mara moja kwa mwaka wapimwe kiuno kwa utepe, uzito, presha, kisha watoe damu vichupa vinne. Waliulizwa wanakula nini, wanalala saa ngapi, wanakaa kitini muda gani kwa siku, wanavuta sigara au waliacha lini. Damu iliwekwa kwenye friza yenye baridi ya kuunguza vidole, na huko ikasubiri. Wakubwa wa mradi walitaka kujua ni alama zipi ndani ya damu zinazotangulia saratani na ugonjwa wa moyo miaka mingi kabla mtu hajahisi chochote, na kwa nini watu wawili wenye maisha yaleyale, mmoja anafika miaka themanini na mwenzake anaanguka kabla ya hamsini.

Maswali hayo ndiyo yaliyomfunza Mama Hujala binadamu. Ukimuuliza mwanamume anakunywa bia ngapi kwa wiki, atasema mbili. Ukimuuliza chupa au kreti, atacheka, na kicheko hicho ndicho jibu. Wanawake walipunguza sukari ya chai, wanaume walipunguza sigara, na wote kwa pamoja waliongeza matembezi. Baada ya miaka minane ya kusikiliza uongo mdogomdogo, alikuwa na sheria moja: mashine haidanganyi, mtu ndiye mwongo. Aliwafunza sheria hiyo wote waliokuja kujifunza kazi chini yake, akajivuna nayo.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Kibanda chake cha mbao kilikuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani, na ndani yake mlijaa harufu ya gundi na ngozi. Alikuwa mwembamba, mrefu, hana kitambi, havuti sigara, pombe hajui hata ladha yake. Alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Alikuwa na kidoa kidogo cha manjano kwenye kona ya jicho la kushoto, kimeinuka kidogo, na mkewe alimtania kwacho tangu ndoa ikiwa changa. "Nenda ukanawe uso, siagi imekuganda jichoni," alimwambia. Naye alijibu kwamba hiyo ni akiba yake ya siku ya njaa.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni visigino vikorofi. Kiatu cha dukani kilimchubua nyuma, pale kwenye mshipa mnene unaopanda kutoka kisigino, kwa hiyo alijishonea viatu vyake mwenyewe na kuvikata mgongo ukawa chini. Wateja walimcheka: fundi mzima anavaa viatu vilivyong'atwa na panya. Alisema ni visigino vya kwao, baba yake alikuwa navyo vilevile. Mkewe aliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Miaka miwili kabla ya msiba, maabara ilipata mashine mpya. Mashine ngeni huwa haiaminiwi siku ya kwanza. Hujaribiwa kwa damu ya kulinganishia, yaani damu ya watu wanaojulikana kuwa wazima, ili ionekane kama inasoma sawasawa. Mkuu wa maabara, mwanamume mpole mwenye miwani ya kamba, aliomba kila mfanyakazi alete mtu mmoja wa nyumbani, mzima, ambaye hajala tangu jana yake.

"Mimi namleta mzee wangu," Mama Hujala alisema. "Kama kuna mtu mzima katika mji huu, ni yule. Miaka ishirini sijamnunulia hata kidonge cha kichwa."

Siku hiyo mumewe alipitia kibandani kwanza, alfajiri, kumalizia jozi ya mteja aliyekuwa anasafiri. Alifika maabara saa moja na robo akihema kidogo, akaketi kwenye foleni, akapewa nambari saba. Zamu yake ilipofika alinyoosha mkono na kutabasamu.

"Hujala?" mkewe alimuuliza, uso umekazwa kama hawajuani.

"Sijala, daktari."

Alimfunga mpira. Alipoinama kutafuta mshipa aliona chembechembe za kahawia kifuani mwa shati lake, nyingi, zimenasa kwenye kitambaa.

"Hujala kweli?"

"Haki ya mama yangu, sijatia kitu kinywani. Tumbo lenyewe linanguruma, husikii?"

Foleni ilikuwa ndefu. Alichoma, akajaza kichupa, akambandikia pamba, akamwambia apite.

Saa nne mashine ilitoa majibu. Watu tisa walikuwa sawa. Nambari saba, kwenye mstari wa lehemu, yale mafuta ya damu yanayoziba mishipa, ilisomeka tisa nukta sita. Mtu mzima hatakiwi kuvuka tano. Mama Hujala aliirudisha damu mashineni, ikaja tisa nukta saba. Mkuu alisimama nyuma yake na karatasi mkononi.

"Vipi hiyo saba?"

Akakumbuka zile chembe kifuani. Makombo ya mkate. Alihisi aibu ikimpanda usoni, aibu ya mtu aliyeleta mwongo kutoka nyumbani kwake mwenyewe.

"Mtoaji alikula," alisema.

"Basi itoe. Tafuta mwingine."

Akaandika kwenye daftari la mashine, kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo: *Nambari saba. Mtoaji alikula. Sampuli imemwagwa.* Akatia saini. Akamimina damu ya mumewe kwenye sinki la dawa, akafungulia maji, akaenda kumwita mlinzi wa getini atoe damu badala yake.

Hapa ndipo pagumu, na yeye mwenyewe hakuwahi kupafanya pepesi. Alijua. Mkate wa asubuhi hupandisha sukari, na mafuta ya aina nyingine, lakini lehemu ile haipandi hivyo kwa mlo mmoja, hata ungekuwa mlo wa harusi. Jambo hilo alilifundisha kila mwaka, akisimama mbele ya ubao na chaki. Lakini tisa nukta sita ilikuwa namba ya mtu mnene, mlafi, mvivu. Haikuwa namba ya yule mwembamba wa kwake. Kati ya kuamini kwamba mume ni mgonjwa na kuamini kwamba mume ni mwongo, alichagua lile alilolizoea.

Jioni mezani alimkoromea. "Umeniaibisha mbele ya mkuu wangu. Ungeniambia tu."

"Lakini sijala, mama watoto."

"Makombo yalikuwa yamekujaa kifuani! Mimi si kipofu."

Binti yao alikuwepo, wakati huo ana miaka kumi na saba, anakula kichwa chini. Mume alimtazama mkewe, akaona jinsi shingo ilivyomsimama, na akajua kwamba usiku wao wote utakuwa wa kununiana. Alikuwa mtu wa amani, akaweka kijiko chini.

"Haya, nimekula. Nimekula mkate mzima, na siagi juu. Umeridhika?"

"Unaona!" mkewe alisema, na moyo wake ukatulia. Ugomvi ukaishia hapo, na hawakulizungumza tena.

Mumewe alikufa saa nne asubuhi, siku ya kazi, akiwa na miaka arobaini na minane. Muuza magazeti wa mbele ya kibanda alisema fundi alilalamika kiungulia, akaomba maji, akanywa nusu ya kikombe. Muuza magazeti alipogeuka kumhudumia mteja na kurudi kumtazama, fundi alikuwa ameegemea ukuta wa mbao, kiatu cha mtu bado kiko katikati ya magoti na uzi umening'inia. Hospitali walisema ni moyo. Mama Hujala alifika amevaa koti lake jeupe la maabara, na watu kwenye korido walimpisha wakidhani ni mganga aliyekuja kuokoa.

Msibani watu walisema maneno ya msibani. Mganga hajigangi, mmoja alinong'ona, na Mama Hujala alimsikia. Lakini aliyemchoma zaidi alikuwa mama mkwe wake, bibi kizee mkavu wa machozi, aliyeketi pembeni yake kwenye mkeka na kumshika goti.

"Baba yake alikwenda hivihivi," bibi alisema. "Arobaini na sita. Alikuwa ananyoa ndevu. Na baba yake mdogo arobaini na nne, shambani. Watu wakasema tumerogwa. Wote wembamba, mwanangu, wote wazuri. Wanaume wa ukoo huu hawazeeki."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungenifanyia nini? Na hukuniuliza."

Hilo lilikuwa kweli. Mwanamke aliyewauliza watu elfu mbili baba zao walikufa kwa nini, na kuandika jibu kwenye kisanduku chake, hakuwahi kumuuliza mama mkwe wake. Alifikiri baba mkwe alikufa kwa uzee, kama baba wakwe wanavyokufa.

Mwezi mmoja ulipita kabla hajapata nguvu ya kwenda kukifungua kibanda. Alikwenda na binti yake, wakabeba ufagio na magunia mawili. Kila kitu kilikuwa palepale: gundi imeganda kwenye kopo, miguu ya mbao ya kuundia viatu imepangwa rafuni kwa ukubwa, koti la kazi limetundikwa msumarini. Kwenye meza kulikuwa na kipande kinene cha kizibo, kile kitu chepesi wanachozibia chupa, na tupa kando yake. Mumewe alikuwa akikikwangua kwa tupa na kukiweka chini ya unyayo wa kiatu ili kiwe laini.

Alilichukua koti la mumewe na kulikumbatia. Alitaka tu kunusa. Alipoliachia, alijitazama kifuani. Gauni lake jeusi lilikuwa limejaa chembechembe za kahawia.

Aliziokota moja moja kwa kucha, akaziweka kwenye kiganja. Alizisugua. Ya kwanza aliitia mdomoni, akaitafuna polepole. Haikuwa mkate.

"Mama, unakula nini?" binti aliuliza.

Mama aliketi kwenye kigoda cha mumewe. Alfajiri ile mumewe alikuwa hapa, anakwangua kizibo kwa ajili ya jozi ya msafiri. Alikuwa na njaa. Alikuwa amesema kweli mara tatu, na ya nne akasema uongo ili mkewe alale vizuri.

Binti alidhani ni majonzi ya kawaida, akamwacha alie, akaendelea kupanga vitu. Ukutani kulikuwa na msumari uliobeba makaratasi magumu, yaliyokatwa kwa umbo la pande za kiatu. Kila mtu wa familia alikuwa na lake, limeandikwa kwa kalamu ya risasi. Binti aliyashusha na kuyaleta mapajani mwa mama yake ayachague. La *Baba*, yaani babu yake binti, limechakaa, rangi ya chai, limekatwa kijibonde kwa nyuma. La *Mimi*, kijibonde palepale, kirefu zaidi. La *Mama Hujala*, limenyooka. La kaka wa binti, anayefanya kazi mbali, limenyooka. La *Binti*.

La binti lilikuwa na kijibonde. Kidogo, kimekatwa kwa uangalifu, na karibu yake mumewe ameandika: *kisigino chetu*.

"Vua kiatu," Mama Hujala alisema.

"Kiatu?"

"Vua, mwanangu."

Alimshika mguu. Alipapasa nyuma ya kisigino kwa vile vidole vilivyopapasa mishipa ya watu elfu mbili, na akaukuta mshipa mnene, mgumu, una uvimbe mdogo ambao haukupaswa kuwapo kwa msichana wa miaka kumi na tisa. Mumewe aliuona uvimbe huu. Aliupima kwa kazi yake, akaukatia nafasi ili mtoto asiumie. Yeye aliiona namba tisa nukta sita kwa kazi yake, akaimwaga. Wangeketi siku moja tu, wakaambiana kila mmoja alichokipima, lakini mezani walizungumzia makombo.

Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa maabara kabla hajavaa koti, akamweleza yote bila kujihurumia. Mkuu alivua miwani. Alimweleza kwamba wapo watu ambao ini lao, tangu kuzaliwa, halijui kuyaondoa mafuta haya kwenye damu. Ni hitilafu inayorithiwa, mzazi humpa mtoto mmoja na kumruka mwingine, na wembamba haumkingi mtu. Mafuta hujikusanya kwenye mishipa ya moyo, na wakati mwingine hujionyesha nje.

"Wapi nje?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Nyuma ya kisigino. Au pembeni mwa jicho, kidoa cha manjano."

Mama Hujala alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na mkuu alisimama kwenda kufunga mlango. "Siagi," alisema. "Miaka ishirini namwambia akanawe siagi."

Binti alikuja siku iliyofuata, saa moja kamili. Aliketi kwenye kiti, akakunja mkono wa blauzi. Wafanyakazi wa maabara walijifanya wana shughuli karibu na pale.

"Hujala?"

"Sijala, mama."

Akamfunga mpira. Akapapasa mshipa. Watu walisubiri lile swali la pili, maana kwa miaka yote halikuwahi kukosekana, hata kwa mkuu mwenyewe. Mama Hujala alichoma sindano, na kichupa kikaanza kujaa.

Ilikuja nane nukta nne. Aliiandika kama ilivyokuja, na kabla ya saa sita binti alikuwa mbele ya daktari wa moyo. Alipewa vidonge vya kila siku, vya maisha, na daktari alisema kwamba kwa kuwa wamewahi mapema, anaweza kuzeeka kama mtu mwingine yeyote. Kaka yake aliambiwa kwa simu akapimwe huko aliko.

Njiani kurudi nyumbani binti aligeuza pakiti ya vidonge mkononi.

"Na baba angepewa hivi?"

"Angepewa."

"Angekuwepo?"

Angeweza kusema kazi ya Mungu haina makosa. Watu wote walikuwa wakisema hivyo, na hakuna ambaye angemlaumu. "Pengine angekuwepo," alisema. "Damu yake niliipima mimi. Namba niliiona. Nikasema amekula, nikaimwaga."

Waliendelea kutembea. Binti hakumwachia mkono, wala hakuubana.

"Ile siku mezani," binti alisema mwishowe, "aliposema amekula mkate mzima na siagi. Alinikonyeza."

"Alikukonyeza?"

"Ndiyo. Nikajua hajala. Nilidhani ni utani wenu tu."

Mama Hujala alisimama katikati ya njia, watu wakampita kulia na kushoto. Alilia waziwazi, kwa sauti, na binti akamshikilia mpaka akamaliza.

Maabara wana sheria kuhusu madaftari. Kosa halifutwi wala halichanwi. Unalipiga mstari mmoja tu, ili atakayekuja aweze kusoma kilichoandikwa mwanzo, kisha unaandika la kweli juu yake, unatia saini na tarehe. Asubuhi ya kesho yake, kabla mtu wa kwanza hajaketi kitini, Mama Hujala alilishusha kabatini daftari la mashine la miaka miwili iliyopita. Aliufungua ukurasa wa majaribio, akaweka rula, akapiga mstari mmoja juu ya maneno *Mtoaji alikula*. Juu yake akaandika: *Hakula*. Akatia saini na tarehe. Chini ya mstari maneno ya zamani, kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo, bado yalisomeka vizuri kabisa.